Moshi Hupanda Kadiri Hewa Inavyouruhusu

Usiku wa tarehe 12 Juni 2011, baada ya saa nyingi za matetemeko ya ardhi, mlima Nabro ulilipuka. Nabro uko Eritrea, katika nchi kame ya Waafar, karibu na mpaka wa Ethiopia, na hapakuwa na kumbukumbu yoyote iliyoandikwa kwamba uliwahi kulipuka kabla ya hapo. Hapakuwa na kituo cha vipimo jirani na mlima, na taarifa za kwanza zilikosea hata jina, zikautaja mlima Dubbi ulio karibu. Watu kadhaa walikufa na maelfu wakahama makazi yao. Kesho yake Hillary Clinton, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alikatisha ziara yake Addis Ababa ili ndege yake iondoke kabla majivu hayajafika.

Setilaiti ziliona kilichokuwa kinatokea juu. Nabro ilitoa zaidi ya tani milioni moja za dioksidi ya salfa, ile gesi yenye harufu kali ya kiberiti. Katika wiki zilizofuata utando mwembamba wa chembe za salfa ulisambaa juu ya sehemu kubwa ya nusu ya kaskazini ya dunia. Mlima ambao watu wengi nje ya Pembe ya Afrika hawakuwahi kuusikia ukaingia kwenye orodha ya volkano zilizogusa hali ya hewa ya dunia nzima. Miaka kumi baadaye wanasayansi wakauchukua tena, safari hii wauulize swali jipya: je, mlipuko uleule ukitokea mwishoni mwa karne hii, katika dunia iliyokwisha kupata joto zaidi, moshi wake utafika pale ulipofika mwaka 2011?

Jibu lao linaelekea kuwa hapana. Kulielewa jibu hilo kunadai kwanza tuelewe kwamba volkano hutoa moshi, lakini hewa ndiyo inayoamua moshi huo uishie wapi. Na hewa hiyo sasa tunaibadilisha sisi wenyewe.

Nguvu inayopandisha moshi

Wengi hudhani kwamba majivu hufika juu kwa sababu mlima umeyarusha. Msukumo wa mlima una kazi yake, lakini kazi hiyo huisha mapema, mara nyingi katika kilomita chache za mwanzo. Kinachotoka kinywani mwa volkano ni mchanganyiko wa gesi, majivu na vipande vya mawe, na mwanzoni mchanganyiko huo ni mzito kuliko hewa. Kinachouokoa ni joto. Safu ya moshi inapopanda huvuta hewa ya pembeni na kuipasha kwa majivu yenye joto la mamia ya nyuzi. Hewa hiyo hutanuka, na safu nzima huwa nyepesi kuliko hewa inayoizunguka. Hapo huanza kuelea. Isipopata hewa ya kutosha huporomoka na kuteremka mlimani ikiwa wimbi la majivu na gesi ya moto, na hakuna mtu anayeweza kulikimbia wimbi hilo kwa miguu.

Safu iliyoanza kuelea hupanda hadi ikutane na hewa yenye uzito sawa na wake. Ikifika hapo hutanda pembeni, na upepo huichukua.

Mtu aliyekulia nyanda za juu, iwe Njombe au Limuru, amekwisha kuliona jambo hili kwa macho yake. Asubuhi ya baridi mwezi wa Julai, moshi wa kuni hutoka jikoni, hupanda kidogo juu ya paa, kisha hulala na kutanda bondeni. Mchana, jua likishaipasha ardhi, moshi wa jiko lilelile hupanda moja kwa moja hadi upotee machoni. Moto haukuongezwa wala kuni hazikubadilishwa. Kilichobadilika ni mpangilio wa joto katika hewa. Asubuhi hewa baridi imekaa chini na yenye joto imekaa juu yake, na mpangilio huo haupendi kitu chochote kipande. Wanasayansi huiita hewa ya namna hiyo hewa tulivu, na kadiri utulivu unavyozidi ndivyo moshi unavyokomea chini.

Mwaka 1956 wanahisabati watatu waliokuwa Cambridge, Morton, Taylor na Turner, waliandika kanuni za kupanda kwa safu za namna hii, na kanuni hizo bado zinatumika. Moja ya matokeo yake inashangaza: kimo cha safu hukua kwa uchache sana ukikilinganisha na nguvu ya chanzo chake. Ili kimo kiwe mara mbili, joto linalotolewa kwa kila sekunde lazima liwe mara 16. Safu inayofika kilomita 16, ili ifike kilomita 17, inahitaji nguvu iongezeke kwa karibu robo nzima. Kwa hiyo hewa ikiinyang'anya safu kilomita moja tu, mlima una kazi kubwa ya kuirudisha.

Mpaka unaoamua kila kitu

Kilomita moja ina uzito gani? Inategemea iko wapi. Angahewa ina matabaka, na mawili ya chini ndiyo yanayotuhusu. La kwanza, troposfia, ndilo tunaloishi ndani yake. Humo ndimo kuna mawingu, mvua na dhoruba, na kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzi sita hivi kila unapopanda kilomita moja. Juu yake kuna stratosfia, ambako ozoni hunyonya miale ya jua, kwa hiyo joto huongezeka kadiri unavyopanda. Mpaka kati ya matabaka hayo huitwa tropopozi. Kwetu katika ukanda wa tropiki uko juu sana, kilomita 16 hadi 17 hivi, na karibu na ncha za dunia hushuka hadi kilomita nane au tisa.

Salfa ya volkano ikikomea chini ya mpaka huo, mvua na mawingu huiosha katika muda wa siku au wiki chache. Ikiuvuka, inaingia mahali pasipo na mvua. Huko gesi hugeuka kuwa matone madogo mno ya asidi ya salfa, ambayo huweza kukaa mwaka mzima au zaidi yakirudisha angani sehemu ya mwanga wa jua. Majivu yenyewe huanguka mapema. Kinachoipoza dunia ni matone hayo ya salfa. Kwa maneno mengine, volkano mbili zinazotoa gesi sawasawa zinaweza kuwa na matokeo tofauti kabisa, kwa sababu tu moja imevuka mpaka na nyingine haikuuvuka.

Nabro ilizusha ubishi mkali juu ya jambo hilihili. Mwaka 2012 Adam Bourassa wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan nchini Kanada na wenzake, wakitumia chombo kiitwacho OSIRIS kilicho katika setilaiti ya Odin ya Sweden, walieleza kwamba moshi wa Nabro haukufika stratosfia kwa nguvu zake. Ulikomea chini, walisema, kisha pepo za masika ya Asia, ambazo wakati wa kiangazi cha kaskazini huinua hewa nyingi kutoka India na jirani zake, zikaunyanyua. Mwaka uliofuata vikundi viwili, kimoja kikiongozwa na Michael Fromm na kingine na Jean-Paul Vernier, viliwajibu. Vernier na wenzake walitumia vipimo vya leza vya setilaiti ya CALIPSO ya Marekani na Ufaransa. Makundi yote mawili yalisema kwamba sehemu kubwa ya salfa ilivuka mpaka moja kwa moja katika mlipuko wenyewe.

Ubishi huo haukuwa wa wasomi kutafuta makosa ya wenzao. Ulionyesha kwamba Nabro ilifika pembezoni kabisa mwa mpaka, mahali ambapo tofauti ya kilomita moja au mbili huamua kama mlipuko utagusa dunia yote au utaishia kuwa habari ya wiki moja. Volkano nyingi za ukubwa wa wastani ziko hapo hapo. Na hapo ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapogusa.

Joto linafanya nini huko juu

Gesijoto tunazozitoa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na misitu hazipashi angahewa yote kwa usawa. Kuna mabadiliko matatu yanayoihusu safu ya volkano.

La kwanza ni kwamba mpaka wenyewe unapanda. Troposfia ikipata joto hutanuka. Vipimo vya maputo ya hali ya hewa katika nusu ya kaskazini ya dunia vinaonyesha kwamba tangu mwaka 1980 tropopozi imekuwa ikipanda kwa mita 50 hadi 60 hivi kila muongo. Safu iliyokuwa ikigusa mpaka jana, kesho itakomea chini yake.

La pili linatokea ndani ya troposfia ya tropiki. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi. Mvuke huo unapopanda na kugeuka kuwa mawingu huachia joto lake kule juu, kwa hiyo sehemu ya juu ya troposfia hupata joto kuliko usawa wa ardhi. Tofauti ya joto kati ya chini na juu hupungua, hewa inakuwa tulivu zaidi, na hali ya angani inaanza kufanana na ile asubuhi ya baridi ya Julai.

La tatu ni kinyume. Stratosfia haipati joto, inapoa. Kule juu kabonidioksidi husaidia kutupa joto nje, angani. Kupoa huko kunapunguza utulivu wa tabaka hilo, kwa hiyo safu iliyofanikiwa kuingia humo hukuta njia nyepesi kuliko zamani.

Katika ukanda wenye unyevu, mvuke unaonyonywa na safu ndogo unaweza kuiongezea nguvu ya kupanda, kwa kuwa nao huachia joto unapogeuka kuwa matone. Lakini kwa hesabu zilizofanywa hadi sasa, msaada huo hautoshi kufuta kazi ya mpaka unaopanda na hewa inayotulia.

Thomas Aubry, aliyeanza kulichunguza jambo hili akiwa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, alichapisha mwaka 2016 pamoja na wenzake hesabu zilizoonyesha kwamba katika dunia yenye joto zaidi, salfa kidogo zaidi ya milipuko ya tropiki itafika stratosfia. Mwaka 2021, akiwa Cambridge, yeye na wenzake walikwenda mbali zaidi. Waliunganisha modeli ya safu ya volkano na modeli kubwa ya hali ya hewa ya Uingereza, kisha wakalipua volkano mbili ndani ya kompyuta, mara ya kwanza katika hewa ya sasa, mara ya pili katika hewa ya mwisho wa karne hii iwapo dunia itaendelea kutoa gesijoto kwa kiwango cha juu kabisa. Kwa mlipuko wa wastani walichukua Nabro. Kwa mlipuko mkubwa walichukua Pinatubo wa Ufilipino.

Matokeo yaligawanyika. Kwa milipuko ya ukubwa wa Nabro, athari ya kupoza dunia ilipungua kwa kiasi cha asilimia 75. Kwa milipuko ya ukubwa wa Pinatubo, upoaji uliongezeka kwa asilimia 15 hivi. Yaani joto linaweza kuzinyamazisha volkano za wastani na kuzipa sauti zaidi zile kubwa.

Pinatubo na deni la milipuko mikubwa

Pinatubo ulikuwa umelala kwa karibu miaka 500 kabla ya kulipuka vibaya tarehe 15 Juni 1991 katika kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino. Siku hiyohiyo kimbunga Yunya kilikuwa kinapita. Mvua yake iliyalowesha majivu yaliyokuwa yakianguka, yakawa mazito kama saruji mbichi, na mapaa yakabomoka juu ya watu. Wengi wa waliokufa siku zile walikufa hivyo. Maelfu kwa maelfu waliokolewa kwa sababu wataalamu walikuwa wametoa onyo na watu wakahamishwa mapema.

Juu, safu ilipita tropopozi bila shida na kufika zaidi ya kilomita 30. Ilibeba tani milioni 15 hadi 20 za dioksidi ya salfa. Mapema mwaka 1992 James Hansen na wenzake wa NASA walichapisha utabiri kwamba joto la wastani la dunia lingeshuka kwa karibu nusu nyuzi kabla ya mwaka kwisha. Lilishuka hivyo. Ulikuwa ushahidi wa wazi kwamba modeli za hali ya hewa, ambazo wengi wakati ule walizidharau, zinajua zinachokisema.

Kwa nini mlipuko kama huo upoze zaidi katika dunia yenye joto? Kwanza, safu yake itapanda juu zaidi katika stratosfia isiyo tulivu kama zamani. Pili, katika dunia yenye joto mzunguko wa hewa wa stratosfia, unaoichukua hewa kutoka tropiki kwenda kwenye ncha za dunia, unaenda kasi. Salfa itasambazwa upesi kabla matone hayajapata muda wa kugongana na kuwa makubwa. Matone madogo hurudisha mwanga vizuri zaidi na hukawia kuanguka. Bahari nayo ina lake. Utafiti wa mwaka 2017 ulioongozwa na John Fasullo nchini Marekani ulichukua mlipuko wa Tambora, Indonesia, wa Aprili 1815, uliofanya mwaka 1816 ukose kiangazi Ulaya na Amerika Kaskazini, ukauweka katika mwaka 2085. Kwa kuwa maji ya juu ya bahari yatakuwa yamepata joto na hayatachanganyika vizuri na yale ya kina, upoaji wa uso wa dunia ungekuwa mkubwa kwa kiasi cha asilimia 40.

Asisome mtu takwimu hizi akaona nafuu. Upoaji wa volkano ni wa mwaka mmoja au miwili, nao huja pamoja na kupungua kwa mvua. Mlipuko mrefu wa Laki nchini Iceland mwaka 1783 ulifuatwa na mafuriko hafifu ya mto Nile, kwa kuwa mvua za masika za Afrika zilidhoofika, na Misri ikaingia katika njaa kali. Mkulima hapati faraja kwa kuambiwa kwamba joto limeshuka ikiwa mvua nayo imeshuka.

Haba na haba ya volkano za wastani

Milipuko kama ya Pinatubo hutokea mara chache katika karne. Ya wastani hutokea kila baada ya miaka michache. Tangu mwaka 2000 setilaiti zimeonyesha kwamba milipuko hii, mmoja baada ya mwingine, huitia stratosfia salfa kidogo kidogo, na haba na haba hujaza kibaba: kwa pamoja imekuwa ikipunguza kidogo joto ambalo dunia ingelipata. Kivuli hicho ni chembamba, lakini kilikuwepo bila sisi kukitafuta. Hesabu za Aubry na wenzake zinasema kwamba tukiendelea kama tulivyo, sehemu kubwa yake itaondoka. Tutakuwa tumepoteza msaada ambao wengi wetu hatukujua kwamba tunao.

Wapo wanaodai kwamba volkano ndizo zinazotoa kabonidioksidi inayotuletea joto. Si kweli. Volkano zote za dunia kwa mwaka hutoa chini ya asilimia moja ya ile inayotolewa na shughuli za binadamu.

Kinachotuhusu hapa kwetu

Bonde la Ufa ni nchi ya volkano hai. Tarehe 23 Novemba 2025 mlima Hayli Gubbi, katika eneo la Afar nchini Ethiopia, ambao haukuwa na mlipuko uliojulikana kwa maelfu ya miaka, ulirusha majivu hadi kilomita 14 hivi. Majivu yalivuka Bahari ya Shamu kuelekea Yemen na Oman, yakafika hadi India, na safari za ndege zikafutwa. Tanzania ina Ol Doinyo Lengai, uliolipuka kwa kishindo mwaka 2007 na 2008. Mashariki mwa Kongo, Nyiragongo ulimwaga lava hadi Goma mwaka 2002 na tena mwaka 2021, na jirani yake Nyamulagira ni mmoja wa milima inayotoa salfa nyingi kuliko mingine duniani.

Ndege za abiria huruka kilomita 10 hadi 12 juu, na majivu ya safu isiyofika mbali hutanda katika njia zilezile. Wakulima wa maua wa Naivasha wanalijua jambo hilo vizuri. Aprili 2010 majivu ya Eyjafjallajökull, volkano ya Iceland ambayo safu yake ilifikia takriban kilomita tisa tu, yaliifunga anga ya Ulaya. Zaidi ya safari 100,000 za ndege zilifutwa, na maua yaliyokwisha kukatwa Kenya yakaozea maghalani na kutupwa. Moshi usiogusa hali ya hewa ya dunia waweza kugusa mshahara wa mtu aliye mbali sana na mlima.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kuyadai. La kwanza ni vipimo. Eritrea ilishtukizwa na Nabro kwa sababu hapakuwa na kifaa cha kuusikiliza mlima. Goma ina kituo chake cha volkano tangu mwaka 1986, na wataalamu wake wamefanya kazi katikati ya vita na uhaba wa fedha. Vituo vya namna hiyo vinahitaji bajeti ya serikali ya kila mwaka, vipima matetemeko, vipima gesi, na maputo ya hali ya hewa yatakayoeleza hewa ya siku ya mlipuko ikoje, kwa maana tumeona kwamba nusu ya jibu iko hewani.

La pili ni kuacha kutegemea bahati. Asitokee kiongozi wa kutuambia kwamba dunia itajipoza yenyewe kwa milipuko. Milima midogo itasaidia kidogo kuliko ilivyosaidia, na mikubwa itatupiga kwa ukali zaidi, na tofauti hiyo inatokana na gesi tunazozitoa. Milima hatuiwezi. Gesi hizo tunaziweza, na kila mwaka tunaochelewa kuzipunguza tunaibadilisha hewa ambayo volkano ijayo itapandia.